Kichwa Kilichosukwa Nusu

Kijiji cha Namawala,
6 Januari 2025.

Kwa Katibu,
Kamati ya Mfuko wa Mabinti wa Bondeni,
Ifakara.

YAH: KUOMBA KUSOMESHWA CHUO CHA SALUNI NA UREMBO

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi naitwa Oliva Donati, umri wangu miaka ishirini na miwili, mama wa mtoto mmoja wa kike, Yosefina, ana miaka miwili na miezi minne. Sina mume. Baba wa mtoto, Beno, alikwenda upande wa Mngeta kutafuta vibarua kabla mtoto hajaota jino, na sasa ana mke wake huko. Naandika hivi waziwazi kwa sababu tangazo lenu kwenye ubao wa kanisa lilisema mnawasomesha mabinti waliozaa na hawana mume. Mimi ndiye huyo, hata kama si jambo la kujisifia.

Elimu yangu ni darasa la saba. Sekondari nilikaa mpaka mwezi wa tano, baba akafariki, ikawa basi. Lakini kusuka naweza. Nilianza nikiwa na miaka saba, nasuka nyasi zikiwa bado zimesimama ardhini, mpaka ng'ombe wa watu wakawa wanakula rasta zangu. Sasa naweza twende kilioni, naweza yeboyebo, naweza kumsuka mtoto anayelia akalala katikati. Nisichokijua ni dawa. Kuna jirani yetu alipakwa dawa ya nywele na mtu wa kubahatisha, akatoka kidonda nyuma ya sikio, na mpaka leo pale hapaoti kitu. Nataka kuwa mtu anayejua, si wa kubahatisha. Nataka pia kujifunza kucha na kumpamba bibi harusi.

Fomu yenu nimeijaza yote. Pale kwenye makazi mliweka mstari mmoja tu, haukutosha, kwa hiyo nimemalizia nyuma ya karatasi. Nimeeleza kwamba kuanzia wiki ijayo mpaka tumalize kuvuna, mimi na mtoto tunakaa shamba, kwenye dungu letu, kile kibanda cha juu ya miti, kama watu wote wa huku. Kijijini anabaki mama peke yake kwa sababu ya mguu wake. Mkitaka kuniona, tafadhali mpeni habari Evod mwenye pawatila, lile trekta dogo la kubebea magunia. Anakuja Ifakara kila Jumanne, ataniletea barua. Shamba simu haishiki.

Nasema asante kabla hamjanipa. Msinione nina haraka, ndivyo nilivyofundishwa.

Ni mimi,
Oliva Donati.


MFUKO WA MABINTI WA BONDENI
S.L.P., Ifakara
21 Machi 2025.

Ndugu Oliva Donati,
Namawala.

YAH: MAJIBU YA OMBI LA UFADHILI

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 6 Januari.

Kamati ilifika kijijini kwenu tarehe 13 Machi kuhakiki makazi na hali ya waombaji, na ilibaini yafuatayo. Hukuwepo katika makazi uliyoyataja. Aidha, mtu wa karibu na familia yako alieleza mbele ya wajumbe kuwa umeolewa na unaishi shamba na mume wako.

Kwa kuwa ufadhili huu ni wa mama wasio na mume, na kwa kuwa fomu yako inaeleza tofauti, Kamati imeridhika kuwa ulitoa taarifa zisizo za kweli. Ombi lako halijakubaliwa.

Una haki ya kukata rufaa kabla ya tarehe 30 Aprili 2025. Rufaa iambatane na maelezo ya maandishi ya mtu aliyetoa taarifa hizo, yakishuhudiwa na kiongozi wa kijiji au wa dini. Kwa sababu za usiri, Kamati haitaji jina la mtu huyo.

Tunakutakia kila la heri katika maisha yako ya ndoa.

Evelina K. Jeremia,
Katibu.


Dunguni,
25 Machi 2025.

Mama, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Yose mzima, anakula, amenenepa mashavu. Mpunga haujatoa hata suke, lakini yeye kutwa anagonga debe anafukuza ndege ambao hawajaja. Mjomba Ponsiano dungu lake liko jirani na anasema mtoto huyu atakuwa mtendaji wa kata, anafanya kazi kabla haijatokea.

Mama, Evod ameniletea barua kutoka Ifakara. Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye tope mpaka magotini, na nadhani ndiyo maana sikuanguka.

Wamesema nimeolewa! Wamesema mimi mwongo. Wananitakia heri na ndoa yangu. Ndoa gani, mama? Mimi hapa nalala na mtoto na chandarua kimoja chenye matundu, mume yuko wapi? Amejificha kwenye gunia la mbegu?

Eti walikuja nyumbani wakanikosa. Walitaka wanikute nimekaa sebuleni nawasubiri, mwezi wa Machi, magugu yako kiunoni? Niliwaandikia nyuma ya fomu, mama. Nilitumia kalamu nyeusi. Nilinyoosha na mwandiko.

Halafu wanasema kuna mtu wa karibu aliyewaambia nina mume. Jina hawataji, ni siri. Lakini nikitaka kukata rufaa niwapelekee maandishi ya mtu huyohuyo! Nimwandikie nani? Nipige debe kama Yose, yeyote atakayeshtuka ndiye?

Mimi nimeshamjua. Ni Rosa. Nani mwingine anashinda uani kwako? Na Stumai wake aliomba nafasi kama mimi, na nasikia amepata. Anakuja na chanuo, anakaa, anakusuka, anakunywa uji wako, kumbe anapima kaburi la mwanao. Tangu nipate mimba ya Yose hujanipa mimi kichwa chako hata siku moja, mama. Unampa yeye. Sasa ona.

Mama, wewe ulikuwepo nyumbani tarehe 13. Niambie alisema nini. Neno kwa neno. Nafasi ile naitaka kuliko ninavyoweza kuandika. Mwisho wa rufaa ni tarehe 30 mwezi ujao.

Mwanao mpenzi,
Oliva.


Namawala,
29 Machi 2025.

Mwanangu Oliva,

Marahaba. Mguu unaendelea, siku unauma, siku unapumzika.

Hao wageni kweli walifika. Gari jeupe, watu wanne. Walikaa kidogo wakaondoka. Walichouliza sikukishika vizuri, siku ile mguu ulikuwa umevimba na jua lilikuwa kali. Watu wa mjini wanauliza haraka haraka, hujajibu hili wameshafika lile.

Rosa muache. Nakwambia muache, usimtaje kabisa kwenye jambo hili. Hata hivyo haji tena hapa. Siku hizi najifunga kitambaa tu, inatosha.

Mimi naona ni Mungu. Mpunga mwaka huu una afya, kila mtu anasema. Chuo kipo tu, hakihami. Na mtoto bado mdogo, nani atamlea huku wewe unashika vichwa vya watu Ifakara? Beno naye ni kijana, vijana huzunguka, siku moja mtu anarudi kwao kumaliza mambo yake. Usijifungie milango.

Nimekutumia dagaa, chumvi, na sabuni kipande. Ile khanga ya bluu ni ya Yose, usiifanye tambara.

Mama yako,
Agnella.


Dunguni,
1 Aprili 2025.

Mama Stumai,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako, si ya matendo yako.

Nakuuliza jambo moja. Mwanao amepata nafasi, Mungu amjalie. Kulikuwa na haja gani ya kunizibia na mimi? Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Ulipowaambia wale watu nina mume, uliona mume huyo amesimama wapi? Ulimpikia ugali?

Wewe ndiye uliyenikata kitovu Yose alipozaliwa njiani. Nilidhani mtu aliyeshika damu ya mtu hawezi kumchoma.

Nataka maandishi yako kwamba ulidanganya. Mpe Evod. Usiponipa, siku nikitoka shamba nitakuja kuyachukua mlangoni kwako, na nitakuja na sauti yangu yote.

Oliva, mama Yose.


Namawala,
5 Aprili 2025.

Wewe Oliva,

Marahaba ya umri wangu nimeipokea. Mimi kalamu hainitii, anayeandika hapa ni Stumai, lakini maneno ni yangu na nimemwambia asiyapunguze makali.

Kwanza, kitovu nilichokata kilikuwa cha Yose, si chako. Ukiwa na hasira ukumbuke nani ni nani. Na ningejua ulimi utakaokuja kutoka kwa mama yake ningekuacha palepale ukatafuta wembe mwenyewe.

Pili. Wale watu walipokuja, mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mama yako. Upande wa kushoto nimemaliza, wa kulia nimeuchana tu, bado. Wakateremka, wakasimama juu yetu na viatu vyao na makaratasi, hata maji hawakungoja. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya sokoni: "Mama, huyu binti yako Oliva ana mume au hana?" Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, mzee Alphonce, anapita na baiskeli yake, amesimama anasikiliza. Watoto wamejaa kama kuna sinema.

Mama yako ndiye aliyejibu. Ulitaka neno kwa neno, lichukue: "Anaye. Wako shamba, yeye na mumewe, wanalima."

Nilidhani sikusikia vizuri. Wakaandika, wakampiga picha, wakaondoka. Nikamwambia, "Mama Oliva, unamzika mtoto mzima mchana kweupe. Kimbia, simamisha gari." Akaniambia nisuke, niache maneno. Nikaweka chanuo chini, nikaenda zangu. Sijarudi kumalizia mpaka leo, na sitarudi.

Kwa hiyo maandishi yangu ndiyo haya. Ukija na sauti yako yote utanikuta na ya kwangu.

Rosa.

Shoga, ni mimi Stumai, mama amekwenda kuchota maji. Usimchukie, analia kila akikumbuka. Na mimi nimekasirika pia, tulisema tutapanga chumba kimoja! Pambana, bado siku ishirini na tano.


Dunguni,
8 Aprili 2025.

Mama,

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Yose amelia njaa nikamwambia ngoja.

Kumbe ni wewe.

Ulinijibu barua nzima, dagaa, chumvi, sabuni, khanga ya bluu, na wewe ndiye. "Sikukishika vizuri walichouliza." Ulikishika, mama. Ulikishika ukakijibu. Umeniacha nimtukane mwanamke aliyenipokea mtoto wangu kwa mikono yake kando ya barabara. Ulisoma kwenye barua yangu ninavyomsema Rosa, ukaandika "muache" bila kuandika kwa nini.

Mume wangu anaitwa nani, mama? Niambie nimjue. Kama yupo, mwambie aje apalilie, nimechoka mgongo. Mwambie amlipie Yose dawa ile ya kifua. Mwambie aje alale mlangoni nguruwe wakija kufukua, maana nilifukuza watatu juzi kwa mwenge na mtoto mgongoni, peke yangu. Huyo mwanamume wako wa mdomoni hajawahi kushika hata jembe.

Unaniambia Beno atarudi kumaliza mambo yake. Beno ana mtoto wa pili huko. Unajua. Mjomba alikwambia mbele yangu. Lakini wewe unawaambia wenzako wa jumuiya kwamba barua ya posa iko njiani. Miaka miwili iko njiani! Inatoka Ulaya kwa miguu?

Ni aibu yako unayoifunika na mimi ndiye blanketi. Mimi nilizaa, mama. Nilizaa tu. Sikuiba, sikuua. Kila Jumamosi nilikuona unaketi uani unampa Rosa kichwa, na mimi nimekaa hatua nne, mikono yangu mapajani. Ulikuwa unaogopa nini? Kwamba mkono wa mwenye dhambi utakuotesha upara?

Sasa sikiliza. Wanataka maandishi ya mtu aliyesema. Mtu huyo ni wewe. Andika kwamba Oliva hana mume, ulikosea. Mzee Alphonce atie sahihi, alisikia uongo, asikie na ukweli. Basi. Sitaki kingine kwako.

Shikamoo nimeiweka mwisho, kwa sababu mwanzoni ilinikwama.

Oliva.


Namawala,
12 Aprili 2025.

Oliva,

Barua yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili ilinishinda.

Mwisho hukuandika mwanao. Nimeona. Mimi si kipofu, ni mguu tu.

Unasema nimekufanya blanketi. Wewe hujui baridi. Baba yako alipokufa ndugu zake walikuja kugawana sufuria kabla matanga hayajaanuliwa, na mimi nikabaki na jina zuri tu, kwamba nyumba ya Agnella haina neno. Jina hilo ndilo nililowalishia ninyi. Ndilo lililonipa mbegu za mkopo, ndilo lililofanya watu waje kuzika. Halafu wewe ukaja na tumbo. Nilikupiga? Nilikufukuza? Wenzako walifukuzwa. Nilikutafutia ndizi na samaki wa kuongeza maziwa. Nilichofanya ni kukunyima kichwa, na hilo unalitaja kama nimekunyima chakula!

Wewe hukuwepo siku ile. Watu wanne wamekusimamia, nusu ya kichwa imelala, nusu imesimama kama kichaka kilichoanza kufyekwa. Kwetu mwanamke hainuki katikati ya kusukwa, unajua. Kichwa cha nusu ni cha mtu aliyekatishwa na msiba. Kwa hiyo nimekaa chini, wao juu, na mwanamke wa rika lako ananiuliza habari za ndani kwako kwa sauti ya mnada, na Alphonce ameweka mguu chini kwenye baiskeli. Ningejibu nini? Mama gani wa Namawala angejibu, "Hana, amezalia kwangu," mbele ya kamera? Mdomo ulijibu wenyewe. Ungejibu hivyo hata kwa mtoza ushuru.

Sikujua kwamba kukosa mume ndiyo sifa. Tangu nizaliwe sijaona mlango unaofunguliwa kwa kukosa mume. Hukuniambia! Uliniambia tu kuna watu wanasomesha. Tangazo ulisoma wewe, fomu ulijaza wewe, mimi uliniachia nyumba na kuku.

Na sasa unataka niandike, mzee Alphonce atie sahihi, Wiki Takatifu. Nisimame mbele ya watu wa jumuiya niseme mimi Agnella ni mwongo na mwanangu hana mtu. Siwezi. Niombe kingine. Niombe shamba, nitauza kipande. Hilo siwezi.

Mama yako, ukitaka usitake.


Dunguni,
15 Aprili 2025.

Shamba sitaki.

Siandiki tena. Tarehe 30 unaijua.

Yose anakusalimu. Yeye hajui kitu.

Oliva.


Namawala,
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025.

Kwa Katibu wa Mfuko wa Mabinti,
Ifakara.

Salamu za Pasaka.

Mimi ni Agnella, mjane wa Donati, mama mzazi wa Oliva. Sikuandikiwa na mtu. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu miwani yangu imebaki kioo kimoja.

Yule mtu wa karibu na familia mnayemficha jina ni mimi. Msimfiche. Oliva hana mume. Hajawahi kuwa naye. Anaishi dunguni na mtoto wake peke yake, na dungu la jirani ni la kaka yangu Ponsiano. Niliwaambia ana mume, na nilijua hana. Nilidanganya.

Yangu nimeshayasema. Sasa nisikilizeni na ninyi.

Mlikuja Machi. Katika bonde hili, mwezi wa Machi, ukimkuta mwanamke kijana mwenye afya amekaa kijijini, huyo ndiye wa kumtilia shaka. Nyumba iliyofungwa ndiyo ya mtu mwenye bidii. Mlipita nyumba ngapi zimefungwa siku ile? Zote wameolewa? Binti yangu aliwaandikia nyuma ya karatasi atakuwa wapi na mtampataje. Ninyi mmesoma vyuo, mlishindwa kugeuza karatasi? Mimi nikipewa samaki sokoni namgeuza nione upande wa pili.

Mlinikuta nasukwa. Hamkupiga hodi, hamkuomba kigoda, hamkungoja maji. Swali mliloniuliza kwetu huulizwa ndani, mlango umerudishwa, kwa sauti ya chini, na mtu mzima kwa mtu mzima. Mngeniuliza hivyo ningelia, halafu ningewaambia kweli. Mliuliza uani, mbele ya wapita njia, mkapewa jibu la uani. Mkaliandika mkaondoka nalo kana kwamba mmechimba dhahabu.

Halafu mkanipiga picha. Kichwa nusu! Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Picha hiyo iko kwenye faili lenu na mnaifungua mnapotaka. Nirudishieni. Rosa alikasirika kwa uongo wangu akaacha kazi katikati, na upande ule mwingine sijausuka mpaka leo, wala huu sijaufumua. Nimekaa hivyo chini ya kitambaa Kwaresima nzima, na Jumapili ya Pasaka nimeimba Aleluya hivyohivyo. Mtu asiniulize kwa nini. Ni kati yangu na Mungu na mwanangu.

Kama hamtaki kumsomesha, semeni hamtaki. Lakini msimwite mwongo. Kwa padri nimeshaungama. Kwenu sikuja kuungama, nimekuja kusahihisha.

Na nyie mnaowatafuta wasio na mume, muwatafute kwa adabu. Ni watoto wa watu.

Agnella.

Nakala: Oliva, dunguni, kwa mkono wa Evod.

Nimeshuhudia. Mama huyu aliisoma barua hii mwenyewe kwa sauti mbele ya wanajumuiya wote, Jumatatu ya Pasaka, akiwa amesimama. Nilipompa kiti alikikataa. Siku ya wageni mimi nilikuwepo, nilisikia uongo, nikanyamaza nikapanda baiskeli. Na hilo liandikwe.
Alphonce, Mwenyekiti wa Jumuiya.


MFUKO WA MABINTI WA BONDENI
S.L.P., Ifakara
9 Mei 2025.

Ndugu Oliva Donati,
Namawala (shamba, kwa mkono wa Ndugu Evod).

YAH: RUFAA YAKO

Kamati imepokea maelezo ya mama yako mzazi. Kamati pia imesoma upande wa nyuma wa fomu yako.

Rufaa imekubaliwa. Unatakiwa kuripoti chuoni tarehe 2 Juni 2025, saa mbili asubuhi, ukiwa na koti jeupe, chanuo la mkia, na picha mbili ndogo.

Kamati inasikitikia usumbufu wowote uliojitokeza. Kuanzia mwaka ujao uhakiki utafanyika mwezi wa tisa.

Picha iliyoombwa imeambatanishwa. Kwenye faili haikubaki nyingine.

Evelina K. Jeremia,
Katibu.


Dunguni,
13 Mei 2025.

Mama, shikamoo. Leo nimeiweka mwanzoni.

Wamenikubali. Nimepiga kelele mpaka mjomba Ponsiano akaja mbio na panga akidhani ni kiboko. Alipoelewa amekaa chini kwenye tope na suruali yake nzuri. Amesema mpunga wangu atauvuna yeye na wanawe, nisirudi nyuma.

"Usumbufu wowote uliojitokeza." Umeona? Kama mvua. Umejitokeza wenyewe! Nikifika pale nitasuka vichwa vyao vyote, na huyo Evelina nitamchana bila mafuta.

Na wewe bado nina hasira na wewe, mama. Usidhani barua moja imezimaliza. Nakala yako niliisoma nikiwa nimempa mgongo mtoto asinione. Nilijisemea: ulisimama, na mguu ule. Halafu nikakumbuka "sikukishika vizuri", nikakasirika upya. Nadhani itakuwa hivyo kwa muda, inakuja inaondoka, kama mguu wako.

Rosa nimemwandikia barua ya kuomba radhi. Hajajibu. Stumai anasema ameiweka chini ya godoro, kwa hiyo ameipokea.

Picha yako ninayo hapa. Upande wa kushoto mistari sita, imelala sawasawa, Rosa ana mkono, sikatai. Upande wa kulia nywele zimesimama. Mdomo uko wazi. Nadhani ndiyo kwanza ulikuwa umesema nina mume. Nilitaka nikuchukie kwa picha hiyo, nikaiangalia sana. Una uso wa mtu aliyesukumiwa mlango akiwa anaoga. Yose ameiona akasema, "Bibi hajamaliza."

Ijumaa tunakuja, tumepanda juu ya magunia ya Evod. Mtoto ataanza kukaa na wewe, mzoeane kabla sijaenda Ifakara. Usimtafute mtu wa kukusuka. Usifumue. Kigoda kiweke uani, palepale, watu wapite waone. Nataka kuanzia alipoishia Rosa.

Lakini nakwambia mapema, nitavuta. Nitavuta kweli, mama, na wewe hutanyanyuka mpaka nimalize.

Mwanao,
Oliva.